Maswali ya Gari: Kujibana kitini kwa mkanda uliokuja na gari

Barua tatu za mwezi huu zote zimekuja na habari za mkanda, basi nimeziweka pamoja. Ya kwanza nitakaa nayo zaidi, maana kijana aliyeiandika anarudi kazini karibuni na sitaki apande ndege bila jibu.

SWALI: Assalaam alaykum, mzee wetu. Mimi ni kijana wa Wete, nafanya kazi Dubai mwaka wa sita sasa, na nimo likizoni nyumbani. Kule nina Toyota 86 ya gea za mkono, sijabadilisha kitu: viti ni vya kiwandani na mikanda ni ya kiwandani. Wenzangu wa kazini walinichukua Dubai Autodrome siku wanayowafungulia watu wa kawaida kukimbiza gari zao uwanjani, na tunapanga kurudi. Kila nikiingia kona kwa kasi nateleza kitini, najikuta nimening'inia kwenye sukani, na goti linaniuma kwa kujikaza mlangoni. Mkanda nimeufunga lakini ni kama sikufunga. Mwenzangu mmoja hutia kibanio cha chuma kwenye pete ya juu, begani, ili mkanda usitoke. Mwengine husokota ulimi wa mkanda mara mbili kabla ya kuuchomeka. Wa tatu anataka kuniuzia mkanda wa mbio wa ncha nne, wa mkono wa pili, kwa dirham 300. Nimfuate nani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Usimfuate hata mmoja. Nitakupa njia ya nne, haina gharama, inataka kiti chako na mikono yako miwili tu. Lakini kwanza ujue kwa nini mkanda unakuachia, maana haujaharibika.

Mkanda wa gari ya kutembelea umefanywa makusudi ukufuate unapojinyoosha kulipa mafuta au kugeuka kutazama nyuma. Ndani ya rili, kile kikasha kilichofichwa chini ya nguzo ya mlango, mna springi laini ya kuukunja na mna walinzi wawili. Mmoja ni gololi ndogo ya chuma iliyokaa kwenye kikombe: gari ikishika breki kwa nguvu au ikiinama sana, gololi hupanda ukingo wa kikombe na kufunga gurudumu la meno. Wa pili anauangalia mkanda wenyewe, ukichomoka kwa ghafla anafunga. Sasa kwenye kona mwili huanza kuteleza taratibu kabla walinzi hawajashtuka. Mkanda unatoa vidole vitatu, vinne, halafu rili inafunga, na inakufunga pale ulipokwishafika.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Gari kama yako, lami kavu na tairi nzuri, inakusukuma upande kwa nguvu inayokaribia uzito wako. Ukiwa na kilo 70, ni kama mtu mzima amekuegemea ubavuni kona nzima. Huwezi kuuzuia mzigo huo kwa viganja halafu viganja hivyo hivyo vikaendesha gari. Mikono inayoshikilia mwili haisikii tairi zinasema nini.

Haya niliyajua kwa goti langu. Nilifanya kazi miaka tisa gereji moja Al Quoz, huko huko Dubai unakofanya kazi. Mwaka 2012 mteja akaniomba nipande naye uwanjani nisikilize kelele ya breki. Gari za huko sukani iko kushoto, kwa hiyo mimi nilikaa kulia, na mkanda niliufunga kama ninavyoufunga nikienda sokoni. Kona ya tatu ilikuwa ya kulia, ndefu, naye yumo gea ya tatu. Nikaanza kwenda kushoto. Mkono ulitafuta mshikio wa mlango ukaukosa. Goti langu la kushoto likaugonga mpini wa gea, ukachomoka kwenye tatu ukakaa huru. Injini ikapiga ukelele, tairi za nyuma zikakosa mvuto katikati ya kona, na mkia wa gari ukatupita. Tulizunguka mara moja na nusu, tukasimama mchangani tunatazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillah. Lakini yule bwana ana watoto, na mimi nina watoto, na yote yale yalitoka kwenye mkanda wenye nafasi ya kupita ngumi.

Basi fanya hivi. Gari imesimama sehemu ya kusubiria, hendibreki juu. Toa simu na funguo mifukoni. Kaa, sukuma makalio mpaka yafike pembeni kabisa pale kiti kinapokutana na mgongo wake. Kipange kiti kama utakavyoendeshea: klachi ikiwa chini mwisho wake, goti libaki limekunjika kidogo; mabega yakiwa yameegemea, kifundo cha mkono kilale juu ya sukani. Kati ya kifua na katikati ya sukani ziwepo sentimita 25 au zaidi, hiyo ni haki ya mfuko wa hewa (airbag) unaofura kutoka kwenye sukani gari ikigonga. Mgongo wa kiti usimame. Vijana mnapenda kujilaza, na aliyejilaza huteleza chini ya mkanda wa kiunoni gari ikigonga, mkanda ukamkuta tumboni.

Sasa rudisha kiti nyuma meno mawili au matatu ya reli, uyahesabu kwa sikio. Chomeka mkanda. Upande wa kiunoni ushushe kwa vidole mpaka ushike mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, halafu vuta upande wa kifuani kuelekea juu mpaka wa kiunoni ukaze. Kisha ushike mkanda karibu na bega na uchomoe kwa mkupuo mmoja mfupi, mpaka uhisi rili imekamata. Usiuachie. Mkono huo ukiwa bado umeuvuta, mkono mwengine uinue mtaimbo wa kiti, nawe ujisogeze mbele meno yale yale uliyohesabu. Rili inakataa kutoa, kiti kinakupeleka mbele, na mkanda unakukaza kiunoni na kifuani kwa pamoja. Utauhisi. Mara ya kwanza watu hushangaa kwamba ni mkanda ule ule.

Tikisa kiti kwa mwili wote uhakikishe jino limekamata, kwa sababu kiti kinachotembea kwenye reli ni hatari kuliko mkanda mlegevu. Vuta pumzi ndefu. Ukihema kwa shida umezidisha, rudi jino moja. Na wakati wowote mguu wa kushoto haumo kwenye klachi, uukaze kwenye kile kibao cha kupumzishia, ujisukume mgongoni mwa kiti. Mkanda na mguu huo vikikushika, mikono itakuwa mepesi, na nusu ya makosa yako ya kona yataondoka yenyewe.

Njia hii ina udhaifu. Mkanda ukipata ulegevu hata kidogo, rili huachia na kazi inaanza upya. Kwa hiyo kila ukitoka uwanjani na kurudi, rudia tangu mwanzo. Usisogeze kiti gari ikitembea, hata ikiwa inatambaa. Na jioni ukirudi barabarani, fungua, upange upya ukae kawaida, maana barabarani unahitaji kugeuza shingo na mabega kutazama pembeni.

Kiti cha abiria katika baadhi ya gari kina jambo jengine: ukiuvuta mkanda wote mpaka mwisho kisha ukauachia, hulia tiki-tiki na haukubali tena kutoka, unarudi tu. Hiyo ni ya kufungia kiti cha mtoto, lakini humkaza na mtu mzima vizuri. Mjaribishie mwenzako. Kiti cha dereva kwa kawaida hakina.

Nije kwa hao washauri wako. Kibanio kinakaa hasa mahali ambapo mkanda unatakiwa kupita bila kizuizi. Gari yako ina kivutaji cha baruti ndani ya rili. Teknolojia hii Mercedes iliiingiza mwaka 1981 pamoja na mfuko wa hewa wa dereva, na leo ni kitu cha kawaida. Gari ikigonga, baruti inalipuka na kuurudisha mkanda kabla hujapata hata kupepesa jicho. Mkanda ukikuta kibanio kwenye pete, unakwama, na nguvu yote inaangukia ukingo wa chuma chembamba uliouma utepe. Kusokota nako ni hivyo hivyo. Utepe una upana wa kama sentimita 5 ili mzigo ugawanyike kifuani. Ukiusokota umeufanya kamba, na kamba hukata.

Huo mkanda wa ncha nne ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu unaonekana wa kitaalamu. Mkanda wa kisasa wa nukta tatu, kama huo wa kiwandani ulio garini mwako, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kabla ya hapo alikuwa Saab akishughulika na viti vya kuwarushia marubani nje ya ndege, alijua mwili wa mtu unabeba mzigo wapi: nyonga na mbavu, si tumbo. Volvo wakawaachia watengenezaji wengine waitumie hati yake ya uvumbuzi bila malipo. Sasa chukua ncha nne uzifunge kwenye kiti cha kawaida. Mikanda miwili ya mabegani, ikivutwa, inauinua ule wa kiunoni kutoka kwenye nyonga na kuupandisha tumboni, kwani hakuna mkanda wa kati ya miguu wa kuuzuia. Ukiifunga chini sakafuni nyuma ya kiti, gari ikigonga inayakandamiza mabega chini na uti wa mgongo unabeba. Mabega yamefungwa lakini kichwa hakijafungwa, na wanaoshindana mbio kweli kweli huvaa kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kwa sababu hiyo. Gari ikipinduka paa likashuka, mtu wa mkanda wa kiwandani huweza kuinama pembeni, wewe umesimamishwa wima kama mlingoti. Ndiyo maana mkanda wa mbio huenda pamoja na kiti chake, bomba zake za kuzuia paa, na tarehe ya mwisho iliyoshonwa kwenye lebo. Wa mkono wa pili, lebo imekatwa au imefifia, hata ukipewa bure usiuchukue.

Ukitaka kutumia fedha, kipo kidude kiitwacho CG-Lock, hufungwa kwenye ulimi wa mkanda na kuushika upande wa kiunoni usilegee baada ya kuukaza. Nimewafungia watu watatu na wote walikipenda. Hakikisha kimekaa sawa kwenye ulimi wako na hakizuii kifungio kufunguka kwa kidole kimoja. Lakini jaribu kwanza kiti na reli. Kwa mtu anayeanza, na gari isiyobadilishwa, naona vinatosha.

Kabla ya kwenda, vuta mkanda mpaka mwisho, uutazame kwenye mwanga. Kingo zisiwe na manyoya wala mikato. Tazama ulimi na pete ya juu: plastiki iliyoyeyuka au kuchubuka kwa mistari ni dalili kwamba mkanda huo umewahi kubeba mtu kwenye ajali, na mkanda uliobeba ajali umemaliza kazi yake. Washa swichi, taa ya mfuko wa hewa iwake kama sekunde 6 kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda pana mtu ameificha. Ikiwa gari yako ni ya mkono wa pili litazame zaidi, nalisema hili kwa sababu nimeshafungua dashibodi nikakuta waya umeungwa ili taa inyamaze.

Na kitu kimoja cha kwetu. Ukishuka Zanzibar hutakosa kuona gari inakwenda shamba, dereva amevaa msuli na fundo lake limekaa hasa chini ya mkanda. Fundo lile kwenye mgongano linaingia tumboni. Lisogeze pembeni au vaa suruali. Kava za plastiki zilizokuja na kiti kutoka Japani pia zitoe, zinateleza kama samaki, na kwenye kiti kinachoteleza hakuna mkanda utakaokushika, iwe Dubai au kona za njia ya zamani ya Chake na Wete.

SWALI: Fundi, mimi ni mja mzito wa miezi saba na naendesha IST yangu kutoka Kiembesamaki kwenda skuli ninakosomesha, Mjini. Mkanda unanibana na mama mkwe anasema niache kufunga, utamdhuru mtoto. Kweli?
Mwalimu, Kiembesamaki

JIBU: Hapana, dada yangu, funga, na umwambie mama kwa heshima zote kwamba mkanda uliokaa vizuri unawalinda wote wawili. Ni sheria ile ile niliyompa kijana wa Wete: wa kiunoni ukae kwenye mifupa ya nyonga, chini kabisa ya tumbo, usipite juu yake. Wa kifuani upite katikati ya matiti kisha ubavuni mwa tumbo. Usiutie kwapani kamwe, na usikaze kwa kusogeza kiti kama wanavyofanya wa uwanjani, hiyo si kazi yako. Wewe rudisha kiti nyuma kadiri miguu inavyofika pedeli bila kujinyoosha, sukani iwe mbali na tumbo. Pedeli zikianza kukushinda kufika, mwache baba wa mtoto akupeleke.

SWALI: Nina Suzuki Carry nachukulia samaki kutoka diko kupeleka sokoni. Mkanda ukiuvuta unatoka, lakini kurudi haurudi, unaning'inia na mlango unauma. Na nikiegesha pale juu mteremko wa bandari ya Mkoani, siku nyengine unakataa kutoka kabisa. Niukate nifunge mwengine kutoka kwenye gari iliyovunjwa?
Mchuuzi, Mkoani

JIBU: Usiukate, na hilo la mteremko si ubovu. Ni ile gololi niliyoitaja juu: gari imeinama sana, imepanda ukingo. Urudishe mkanda kidogo, uvute pole pole, au usogeze gari pahala palipo sawa.

La kutorudi ndilo la kufanyia kazi, na kwa gari ya samaki naweza kukuambia chanzo nikiwa hapa hapa Mwanakwerekwe. Chumvi, mafuta ya mikono na vumbi vimeganda kwenye utepe na ndani ya pete ya begani, na springi ile laini haina nguvu ya kuushinda uchafu huo. Wiki mbili nyuma niliusafisha wa Carry kama yako. Nilipopitisha kitambaa cheupe ndani ya pete kilitoka na ukoko mweusi, mgumu kama ule unaobaki chini ya sufuria, na ndoo ya maji ikageuka rangi ya chai.

Vuta mkanda wote mpaka mwisho, uubane hapo juu kwa koleo la nguo usirudi. Hapa kibanio ni halali, gari imesimama. Chukua maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, uusugue kwa brashi laini kufuata urefu wake, pande zote mbili, kisha uufute kwa kitambaa cha maji safi mara kadhaa. Usitie jiki, usitie petroli, zinaweza kuudhuru mkanda. Pete isafishe kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti mpaka kitoke cheupe. Uuache ukauke kivulini, usiku mzima ikibidi, kwa sababu mkanda mbichi ukiingia kwenye rili unapeleka unyevu na kutu ndani. Usitie oili wala grisi popote. Oili itashika vumbi na utarudi ulipokuwa ndani ya mwezi.

Rili yenyewe usiifungue. Springi yake ikiruka hairudi, na ukiona waya wenye soketi ya manjano umeingia humo, kuna baruti. Kazi hiyo hufanywa na fundi anayejua, betri ikiwa imetolewa. Toyota wao wanataka kusubiri sekunde 90 baada ya kutoa terminali ya hasi ndipo uguse kitu.

Mkanda wa gari iliyovunjwa hujui ulibeba nini, na anayekuuzia hajui vilevile. Ikiwa baada ya kuuosha bado haurudi, tafuta mpya wa gari yako hasa, na bolti zake zikazwe kwenye matundu yake ya asili, rili isimame wima kama ilivyokuwa, isipinde. Ikipinda, gololi itakaa kombo, na mkanda utakukatalia hata kwenye njia iliyonyooka. Ukishafunga, vuta polepole, utoke. Uchomoe ghafla, ukatae. Uachie, urudi wenyewe mpaka ulimi uguse nguzo. Usipopita yote matatu, usiondoke kwa fundi.